Mkono Haudanganyi

Kabla sijaukumbuka uso wake, nakumbuka kiganja. Kilikuwa laini, chenye joto la mtu aliyetoka kunawa, na kilinukia spiriti hata siku za Jumapili, juu ya manukato aliyojipaka. Alikuwa na namna yake ya kusalimu. Hakukushika mkono kama watu wanavyoshikana. Aliupokea, akaufunika kwa mkono wake wa pili, kisha akayabana maungio ya vidole vyako kutoka pande zote mbili, kama mtu anayejaribu parachichi sokoni. Huku akibana, alikutazama usoni na kutabasamu. Ukikunja uso, hata kidogo, tabasamu lake lilipanuka. Hilo ndilo jambo ninalotaka lieleweke kwanza juu yake: furaha yake ilianzia pale maumivu yako yalipoanzia.

Tulimwita Profesa. Alikuwa mtafiti wa baridi yabisi, ile kali inayovamia viungo na kuvipinda, pamoja na magonjwa mengine ya ukoo huo ambamo kinga ya mwili humgeukia mwenye mwili. Alifundisha chuo kikuu na alikuwa amenunua nyumba mtaa wa Fedha, nyumba ya lango la chuma na maua ya kumwagiliwa, lakini kila Jumapili aliendesha Pijo lake jeupe hadi mtaa wetu wa Mbotela kuabudu nasi. Kanisa letu lilikuwa la watu waliotoka magharibi ya nchi: makarani wa reli, wafanyakazi wa baraza la jiji, akina mama wa biashara ndogondogo. Tulijivuna kuwa naye. Angeweza kwenda kwenye makanisa ya mjini yenye kinanda kikubwa na viti vya mito, naye akachagua mabenchi yetu. Wazee walisema, "Huyu hajasahau watu wake." Hawakukosea. Hakutusahau hata siku moja.

Lazima nieleze desturi moja, kwa sababu bila yake mtu huyu hangekuwa alivyokuwa kwetu. Ibada ikiisha, hatukutawanyika ovyo. Wa kwanza kutoka alisimama nje ya mlango. Wa pili alimsalimu kwa mkono, akasimama kando yake. Wa tatu aliwasalimu wote wawili, akasimama. Na hivyo mstari ukarefuka hadi kila mtu awe amemshika mkono kila mtu. Kumpita mtu bila kumsalimu kulimaanisha kwamba mna neno baina yenu, na Jumatatu wazee wangekuja nyumbani kuuliza neno hilo ni lipi. Sasa fikiria mtafiti anayetafuta viungo vilivyovimba ambavyo wenyewe wanavificha. Kwake mstari ule ulikuwa shamba lililokwisha kulimwa. Wimbo wa mwisho ulipoingia ubeti wa mwisho, Profesa alikuwa tayari mlangoni. Daima alikuwa wa kwanza. Mikono yote ya kanisa ilipita katika mikono yake.

Hivyo ndivyo alivyompata mama yangu.

Mama alikuwa akifuma sweta za shule kwa mashine, chumbani mwetu mwa mbele. Sauti ya mashine ile ikienda na kurudi ndiyo iliyonilaza na kuniamsha nilipokua. Baba alikuwa karani wa reli, na mshahara wa reli kila mtu anaujua. Sisi tulisomeshwa na vidole vya Mama. Mwanzoni mwa miaka ya tisini, nilipokuwa nimeingia chuo kikuu, vidole hivyo vilianza kuamka vikiwa vigumu. Mama aliviloweka katika maji ya moto kabla Baba hajaamka. Hakumwambia mtu. Fundi asemwaye kwamba mikono yake inamshinda hapati tena kazi.

Jumapili moja Profesa aliubana mkono wake, na Mama akasema, "Uwi!" kabla hajajizuia.

Profesa akainama sikioni mwake. "Mama Nekesa," alisema, "asubuhi vidole vinakaa muda gani kabla ya kufunguka?"

Mama alirudi nyumbani kama mtu aliyeona malaika. "Amejua, Nekesa! Sijamwambia hata babako, na amejua!"

Mama alipomwuliza alijuaje, Profesa alimpa ule msemo wake, ambao baadaye sote tuliukariri kama mstari wa Biblia: "Mdomo hudanganya, Mama Nekesa. Mkono haudanganyi."

Sitaki kumfanya jini. Alikuwa msemaji mzuri kuliko wote niliowasikia, wakiwemo wahadhiri wangu wa lugha. Magonjwa yale aliyaeleza kwa maneno ambayo mtu wa Mbotela angeyapeleka nyumbani. "Kinga ya mwili ni kanjo," alisema sebuleni mwetu, huku majirani wamejaa hadi mlangoni. "Baraza la jiji linaajiri askari walinde mji dhidi ya wezi. Sasa wewe uko Jogoo Road umeketi na nyanya zako, humsumbui mtu. Kanjo anafika. Anapiga nani?"

"Mimi!" walijibu akina mama kwa pamoja, maana wengi wao walikuwa wamekwisha kupigwa.

"Basi ndivyo viungo vyako vinavyopigwa. Si baridi, si uchawi, si dhambi ya babu yako. Ni askari wako mwenyewe."

Watu walicheka, na ndani ya kicheko kile hofu ya miaka mingi iliwatoka. Namshukuru kwa hilo hata leo. Alikuwa pia na hasira ya haki. Vitabu vya wazungu, alisema, vilidai kwamba ugonjwa ule si wetu, kwamba Mwafrika hauguswi nao, na akiguswa ni kidogo tu. "Wanadhani sisi hatuna viungo," alisema. "Nitawaonyesha mikono hadi waombe msamaha." Tulimpigia makofi. Hakuna aliyejiuliza mikono hiyo ingepaswa kufikia hali gani ndipo wazungu waombe msamaha.

Wema wake ndio unaonitatiza, kwa sababu kila nikiugeuza naona una upande wa pili. Mtaani Huruma, karibu na Mathare, kulikuwa na mke wa kibarua wa kiwandani ambaye vidole vyake vilipinda kama kucha za mwewe. Shemeji zake walisema mkono wa namna ile ni wa mchawi, wakamfungia mlango. Profesa alisikia. Alipanda ngazi za jengo lile hadi juu kabisa akiwa na Mama, aliyekwenda kumtafsiria Kibukusu. Hawakumpa kiti, aliketi juu ya jerikeni, suti na tai, akasema nao hadi wakaagiza soda. Mwanamke alirudishwa kwake siku hiyohiyo. Nani mwingine angefanya hivyo? Hakuna. Lakini Mama alisimulia pia kilichofuata. Yule mwanamke alilia, akamshika Profesa mikono kwa shukrani. Profesa aliigeuza mikono ile kuelekea dirishani penye mwanga, akafungua mkoba wa kamera.

"Usilie kwanza, mama," alimwambia. "Mikono inatetemeka. Picha itaharibika."

Mama alilisimulia jambo hilo kama kichekesho. Mimi sikucheka, ingawa sikujua bado kwa nini.

Picha zake zote zilikuwa za mikono. Hakupiga uso hata mmoja. Akina mama walisuka nywele, wakavaa hereni, wakaketi wima. Naye aliwatandikia kitambaa cheusi mezani, akawaambia waweke viganja. Mama alipoomba nakala, alipewa: mikono miwili kwenye weusi, imekatwa pale mikono ya blauzi ilipoanzia. Aliitia katika fremu, akaitundika ukutani kando ya picha ya harusi, akaifunika juu kwa kitambaa cha kufuma. Wageni waliuliza hiyo ni mikono ya marehemu gani.

Na alivyokula! Kwetu mgeni wa heshima huchinjiwa kuku, na firigisi ni yake. Profesa alikula firigisi vizuri kama mtu yeyote. Kisha alishika paja, akalivunja kwenye goti polepole, akasikiliza lilivyolia. "Tazameni," alisema, akituonyesha ule weupe unaong'aa kwenye ncha ya mfupa. "Hili ni gegedu. Ndilo linaloliwa." Halafu akalila. Alilikwangua kwa meno ya mbele, akafyonza ute wa kwenye ungio, akafyonza vidole kimoja kimoja, akachukua paja la pili. Ndugu zangu wadogo waliacha sahani zao. Mama, ambaye wakati huo hakuweza kushika kisu vizuri, ambaye kuku yule alichinjiwa na jirani, aliketi mbele yake na kutabasamu. 

Aliwaandikisha wanawake wengi katika utafiti wake, Mama na Mama Atieno wakiwemo. Mama Atieno alikuwa jirani yetu, muuza samaki, mwenye mdomo ambao hata kanjo waliukwepa. Sharti lilikuwa moja: wasimeze dawa yoyote ya viungo ila aspirini aliyowapa yeye. "Dawa nyingine zitaichanganya damu, nami sitaweza kuisoma," alisema. Kila baada ya muda alikuja na sindano zake. Vijana waliokaa ukutani nje ya ploti yetu ya nyumba za kupanga walimpigia kelele: "Niaje, Prof? Leo unashika mkono ya nani?" Wengine walinong'ona kwamba anauza damu ile, au anawapima ukimwi kwa siri, maana hiyo ndiyo hofu ya miaka ile. Mama aliwakemea.

Kosa letu lilikuwa hili: tulidhani kupimwa ni kutibiwa. Kwa watu ambao hospitalini walipanga foleni tangu alfajiri ili watazamwe na mtu asiyeinua macho, mtu aliyekuja nyumbani, akakushika mkono, akatoa damu yako kwa upole na kuuliza habari za watoto, huyo alikuwa tayari ameanza kukuponya. Mama alisema anajisikia nafuu kila Profesa akiondoka. Huku vidole vyake vikigeukia upande wa kidole kidogo, vyote pamoja, kama majani yaliyolazwa na upepo mmoja. Sweta zilianza kutoka na mishono iliyoruka. Shule moja ilizirudisha. Mashine ikanyamaza siku mbili, ikalia siku moja.

"Vumilia, Mama Nekesa," alimwambia. "Uko mahali pazuri."

Kisha alimletea dawa ya malaria. Mama alishikwa na homa, na sisi tulikuwa tukienda kumnunulia klorokwini kwenye duka la pembeni kama kila mtu. Profesa alisikia kwa Mama Atieno, akaja mwenyewe kwenye mvua, viatu vimejaa tope, na dawa nyingine mfukoni. "Klorokwini imeanza kushindwa na malaria ya siku hizi," alisema. "Meza hizi." Na lilikuwa jambo la kweli, madaktari wengi walisema hivyo. Mama alipona. Jumapili iliyofuata alisimama kanisani akatoa ushuhuda juu ya profesa aliyekanyaga tope la Mbotela kwa ajili ya mgonjwa mmoja. Watu walisema amina. Profesa aliinamisha kichwa.

Nilikuwa nyumbani wakati chuo kilipofungwa kwa sababu ya mgomo wa wanafunzi, mmoja kati ya migomo mingi ya miaka ile. Profesa alikuja kumwomba Mama aende naye akaonyeshwe kwa madaktari wanafunzi. Wa udaktari hawakugoma, walikuwa bado wanasoma. Mama alifurahi kama mtu aliyealikwa harusini. Alivaa kitambaa chake cheupe cha akina mama wa kanisa na viatu vya Krismasi. Nilimfunga kamba za viatu, kwa sababu hakuweza, kisha nikaenda naye.

Ulikuwa ukumbi wa viti vilivyopandana kama ngazi. Mama aliketi chini kabisa, mbele ya wote, mikono juu ya meza. Profesa alizungumza Kiingereza, lugha ambayo Mama aliijua ya kusalimu tu. Mimi nilikaa ubavuni, nikamsikia mtu ambaye sikuwahi kumsikia. Hakumtaja jina. Alisema "mkono huu". Alionyesha ukutani picha ya kwanza, ileile iliyotundikwa sebuleni mwetu, kisha nyingine, kisha nyingine, na kwa kila picha vidole vya mama yangu viligeuka zaidi mbele ya watu. Alimwambia kwa Kiswahili, kwa sauti ya kanisani, "Mama, hebu kunja ngumi." Mama alijaribu. Vidole viliishia njiani. Ukumbi ukaguna. Mama, akidhani amewafurahisha, akacheka nao.

"Tumebahatika," alisema Profesa kwa Kiingereza. "Ni nadra kuupata mkono ambao dawa haijauharibu."

Msichana mmoja mwenye miwani aliinua mkono. "Samahani, Profesa. Anatumia nini kwa sasa?"

"Aspirini."

"Kwa nini si zile dawa za kliniki? Au hata klorokwini? Inasaidia viungo, na iko kila mahali."

Alimtazama kwa huruma, kama mtu anavyomtazama mtoto mwerevu. "Binti, ukimwagia moto maji, huwezi tena kuchora jinsi moto huo unavyotembea."

Waliandika. Nakumbuka sauti ya kalamu zile kuliko maneno yenyewe. Ukumbi mzima uliandika, hata yule msichana. Na mimi nilihisi kinyaa, si hasira. Hasira ingekuwa safi. Kilikuwa kinyaa cha mtu aliyeinua kifuniko cha chungu alichokuwa akilia chakula, akaona kilichomo.

Kwenye kituo cha basi Mama alifurahi bado. "Walinipenda," alisema. "Walicheka nini, lakini?"

Nilitazama kama basi linakuja.

"Nekesa. Niambie yote. Usinichagulie."

Nikamwambia yote, sentensi kwa sentensi, kama mkalimani. Alisikiliza akiitazama barabara.

"Klorokwini?" aliuliza. "Hii ya malaria?"

"Ndiyo, Mama."

"Hii chungu? Iko kwa duka hapo kona, tunapitia tukienda maji?"

"Hiyohiyo. Si dawa ya miujiza. Hupunguza tu kasi. Lakini kliniki kuna zenye nguvu zaidi, naye anazijua."

Basi lilikuja, likaondoka bila sisi. Mama aligeuza mikono yake juu, akaitazama, akaigeuza chini.

"Kwa hivyo ile siku alikuja na mvua…"

"Sijui, Mama. Labda alitaka upone tu. Labda…"

"Wewe ndiye umesoma. Usiniambie labda."

 Kisha Mama alicheka, kicheko kifupi ambacho sikukipenda. "Alituambia mwenyewe," alisema. "Ati kinga ni kanjo. Kumbe kanjo ni yeye. Na mimi nimekaa na nyanya zangu, simsumbui mtu."

Nilitaka kurudi kule ukumbini. Mama alikataa. "Usimwendee. Utampigia kelele, atakujibu kwa Kiingereza, na watasema mtoto wa Mama Nekesa hana adabu. Tutaonana Jumapili."

Kesho yake tulikwenda kliniki ya hospitali ya serikali, tukapanga foleni tangu alfajiri, akatazamwa na mtu asiyeinua macho. Mtu huyo alimpa dawa. Ugonjwa ulipunguza mwendo, kisha ukasimama. Lakini kilichopinda hakinyooki. Mashine ya kufuma ilihamia kwa binti ya Mama Atieno, na nyumba yetu ikawa na ukimya ambao sijauzoea hadi leo.

Jumapili ilifika. Profesa alikuwa mlangoni, wa kwanza. Kumpita hakukuwezekana, wazee wangekuja Jumatatu, nasi tungekuwa tumemshtaki mtu ambaye kanisa zima lilimpenda. Lakini kwetu kuna njia nyingine. Mtu mwenye mikono michafu, anayeosha vyombo au kukanda unga, hamnyimi mgeni salamu. Huinamisha mkono na kumpa kifundo cha mkono, mgeni akakishika hapo, na heshima ikabaki. Mama alifika mbele ya Profesa, na kitambaa chake cheupe kichwani, akaulegeza mkono ukainama, akampa kifundo.

Profesa alisita. "Mama Nekesa, mkono una nini?"

"Ni mchafu, Profesa."

Nyuma yake alikuwa Mama Atieno. Naye alitoa kifundo. "Yangu ina shombo ya samaki," alisema, kwa sauti ya soko.

"Leo Jumapili, Mama Atieno!"

"Samaki haendi kanisani, Profesa, lakini harufu yake huokoka."

Watu walicheka, bila kujua wanacheka nini. Lakini wanawake wa sindano walijua. Mama alikuwa amekwisha kupita nyumba kwa nyumba. Mmoja baada ya mwingine walimpa vifundo. Alisimama pale akipokea mikono iliyolegea kama ya watu waliozimia. Ningependa kusema aliona haya. Hapana. Yule wa tatu au wa nne alipomfikia, niliona vidole vyake laini vikikizunguka kifundo, vikatafuta uvimbe, vikabana.

"Ala!" alisema Mama Atieno. "Hata hapo anabonyeza!"

Hakuadhibiwa na mtu. Wanawake walijitoa, yeye akawapata wengine kwingineko. Jiji halina uhaba wa viungo. Alipanda cheo. Alialikwa ng'ambo, akawaonyesha wazungu mikono, na nasikia walimwomba msamaha kweli. Aliendelea kuja Mbotela kuimba besi macho yamefumba, na nina hakika alikuwa akiomba kwa dhati. Hilo ndilo linalonichefua kuliko yote: hakuwa mnafiki. Alitupenda jinsi alivyotupenda, kama alivyopenda kuku.

Ile picha ya mikono sikuelewa kwa nini Mama hakuitoa ukutani. Nilimwambia nitaichoma. "Choma yako," alijibu. "Hii ni mikono yangu. Ndiyo ilikusomesha. Yeye alishika tu kamera." Ilikaa pale, chini ya kitambaa chake, hadi alipofariki akiwa mzee, kwa maradhi mengine kabisa.

Ibada ya kumuaga ilifanyika katika kanisa lilelile kabla hatujamsafirisha nyumbani magharibi akazikwe. Mimi sasa ni mwalimu wa sekondari, mwenye mvi na watoto. Na jambo moja sikuwa nimemwambia mtu nje ya nyumba yangu: kwa miezi kadhaa chaki ilikuwa ikinianguka kila asubuhi, na mkoba wangu siku ile ulikuwa na dawa. Daktari aliyeniandikia aliugundua mapema, ugonjwa uleule wa Mama. Alinieleza kwamba alijifunza kuutambua chuoni, kwa picha za mikono. Sikumwuliza mikono ya nani.

Ibada ilipoisha nilitoka, na alikuwa mlangoni. Wa kwanza. Mzee sana, amekunjamana ndani ya suti, anaegemea fimbo, macho yana ukungu. Alijua mimi ni nani.

"Pole, binti yangu," alisema. "Mama yako alitusaidia sana. Mikono yake imefundisha kizazi kizima cha madaktari."

Lilikuwa jambo la kweli, kama lile la klorokwini. Alitundika fimbo kwenye kiwiko, akanyoosha mikono yote miwili. Ningeweza kumpa kifundo. Nilikuwa na haki hiyo kwa urithi. Lakini mwenye kutoa kifundo hukiri kwamba mkono una jambo. Nikampa mkono mzima.

Aliupokea, akaufunika, akabana. Nguvu za mwili mzima zilikuwa zimemwisha, lakini si za vidole vile. Maumivu yalipanda hadi begani. Aliuinua uso wake karibu na wangu, tabasamu lake tayari mahali pake, likingoja. Nikamtazama kama mtu anavyotazama ukuta wa jirani. Sikukunja hata nyusi. Tabasamu lilingoja, likangoja, halafu likajikunja lenyewe.

"Mkono haudanganyi," alimwambia mchungaji aliyesimama kando yake, kwa sauti ambayo nathubutu kuiita ya masikitiko. "Huyu mzima. Hakurithi."

"Asante, Profesa," nikasema, nikamsalimu mchungaji kwa mkono wa kulia, wa kushoto ukiushikilia kwa chini, nikasimama mahali pangu mstarini, hatua chache kutoka kwake.

Waliofuata niliwapa kifundo, mmoja mmoja. Walidhani ni uzito wa msiba. Kisha akafika Mama Atieno, amezeeka, amekondeana, mdomo uleule. Alipompita Profesa alimwinamishia mkono kama miaka yote ile. Alipofika kwangu aliona mkono wangu nao umeinama. Akasimama. Aliutazama, akanitazama.

"Na wewe, Nekesa?" aliuliza polepole. "Una shombo?"

"Kidogo tu, Mama."

Aligeuka kumtazama mzee wa mlangoni, ambaye alikuwa ameshika mkono wa mtu mwingine, hasikii. Halafu akakiweka kifundo chake juu ya changu, mfupa juu ya mfupa, bila kubana.